Mama Hakati kwa Kukisia

Karakana, 2 Desemba

Mdogo wangu,

Salamu zako za kwenye simu nilizipata nusu. Nusu nyingine alipewa mteja aliyekuwa anauliza bei ya pasi. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia, kwa sababu karatasi haiambiwi "subiri kidogo, dada, nakuja," ikaachwa inaning'inia. Barua hii anakuletea dereva wa basi la asubuhi, yule mwenye mwanya. Nilimtengenezea kiti chake cha usukani, na tangu hapo anaona haya kunidai nauli ya bahasha.

Huku kazi imefurika. Mwaka mzima watu wamekalia springi na hakuna aliyelia. Sasa sikukuu imekaribia, kila mtu amegundua kwamba kochi lake limetoboka na analitaka kabla ya wageni. Nikiwauliza wageni ni akina nani, wananiambia hawana hakika kama watakuja. Lakini kochi liwe tayari.

Nikueleze kilichonikalisha chini. Mama amenunua jora la kitambaa. Amelichagua mwenyewe, akalipapasa dukani mpaka muuzaji akadhani ananunua ng'ombe. Mwaka huu anataka turudie kama zamani: jora moja, nyumba nzima, mnafika mkesha, mnapimwa, na asubuhi ya sikukuu kila mtu anavaa nguo yenye joto la pasi. Unakumbuka alivyokuwa anapima. Hajui futi kamba, ni shibiri na vidole, kutoka kisogo mpaka kisigino. Na unakumbuka sharti lake. Asiyepimwa havai. Nilimwambia nitakuomba vipimo vyako kwa simu, akanijibu kwamba yeye hajawahi kukata kwa kukisia na hataanzia uzeeni.

Mimi siwezi kumsaidia kushona. Nimezoea makochi. Suruali nikikushonea mimi, utaikalia vizuri lakini hutatembea nayo.

Mwaka jana ulituma maboksi. Mwaka juzi maboksi. Tuliyapanga ukutani, jirani akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama tunahama. Mwaka huu tafadhali usitume kitu. Njoo wewe, wifi, na huyo binti yenu Kidoti ambaye bibi yake hajawahi kumshika hata kidole. Mama ana mambo yake mengine ambayo hayaandikiki. Ukija utayaona.

Dada yako,
fundi makochi

*

Dukani, ghorofa ya pili, 6 Desemba

Dada mpendwa,

Barua nimeipata, nimecheka sana hapo kwenye ng'ombe. Hujabadilika.

Dada, roho yangu iko huko, ila mwili umebanwa. Mwaka huu duka litafunguliwa hata siku ya sikukuu yenyewe. Wakubwa wamekataa likizo zote. Nimeomba, nimebembeleza, nimekataliwa. Nifanyeje? Kazi si mali ya baba yangu.

Lakini msijali, sijawasahau. Gari la duka litaleta mzigo wiki ijayo. Kuna gauni la mama, la kushonwa tayari, lenye vifungo vya dhahabu mgongoni. Sikuhitaji vipimo, mama yangu namjua. Lako ni la kijani. Halafu kuna kitu kikubwa, nilitaka iwe siri lakini siwezi kujizuia: nimemnunulia mama televisheni. Ni pana kama mlango, na picha yake, dada, unaona hadi jasho la msomaji wa habari. Nitamtumia video ya Kidoti akicheza, atamwona mjukuu wake mkubwa kuliko alivyo.

Mwambie asikae karibu nayo sana, asije akaumia macho.

Mdogo wako

*

Karakana, 9 Desemba

Wifi yangu,

Hii si ya mumeo. Naituma saluni kwako makusudi, isomee huko huko.

Ameniandikia kwamba mama asikae karibu na televisheni, asije akaumia macho. Nilicheka mpaka sindano ya kochi ikaniingia kidoleni, na sindano ya kochi si ya mchezo.

Wifi, mama haoni.

Ilianza kama ukungu pembeni. Akawa anamwaga chai nje ya kikombe na kukilaumu kikombe. Nilipompeleka kwa daktari, akatuambia ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Kufikia katikati ya mwaka huu alikuwa amebaki na mwanga tu, anajua dirisha liko wapi. Sasa hata dirisha halijui.

Aliniapisha nisimwambie mwanawe. Nilimbishia, tukanuniana siku nzima, yeye akininunia upande ambao sikuwepo. Alichoniambia nakuandikia kama kilivyo: "Akija kwa ajili ya macho, atakuwa amekuja hospitali. Mimi nataka aje sikukuu." Nami nikaapa. Kwako kiapo nimekivunja, maana aliniambia nisimwambie mwanawe, na wewe ni mkwewe.

Kushona bado anashona. Vidole vinatangulia, mashine inafuata. Mimi namsaidia mkasi tu. Kitu kimoja anakitaka mwaka huu, na anakisema kila jioni huku ananyoosha lile jora mapajani: kumpima Kidoti. Hatamwona kamwe, hilo amelikubali. Anasema akishampima atakuwa anamjua. Naogopa mwaka mwingine ukipita, mtoto atakuwa amepimwa na duka zima isipokuwa bibi yake.

Niambie ukweli. Ni kweli amenyimwa likizo?

Wifi yako

*

Saluni, 13 Desemba

Wifi,

Nimeisoma barua yako nikiwa na kichwa cha mtu mkononi. Mwenye kichwa aliniuliza kulikoni, nikamwambia ni moshi wa pasi ya nywele.

Kuhusu likizo, mimi pia nilikuwa naamini. Nilimhurumia hata nikawa namkanda miguu. Jana keshia wa ghorofa yake alikuja kusuka. Nilipompa pole kwamba wakubwa wamewanyima sikukuu, alinitazama kwenye kioo kama mtu anayetazama mjinga mpendwa. Akasema, "Shoga, wakubwa gani? Ni mumeo. Yeye ndiye aliyetoa wazo kwenye mkutano."

Nikamwuliza wazo gani. Akanieleza kwamba mume wangu alisimama akawaambia wakubwa hivi: ikifika saa sita mchana siku ya sikukuu, watu watakuwa wameshachoka na ndugu zao, watatafuta pa kwenda, kwa hiyo tuwafungulie mlango. Wakubwa wakapiga makofi. Wafanyakazi wote wa ghorofa wakapoteza sikukuu hapo hapo, na yeye akaahidiwa kuwa akiuza kuliko matawi mengine, atapewa umeneja. Likizo hakunyimwa. Hakuomba.

Nilimvuta yule keshia nywele bila kukusudia. Akasema haina shida, kashazoea.

Wifi, usidhani hapa nyumbani tunamfaidi. Sisi pia tunamwona kama matangazo, anapita tu. Anarudi na kitu kila siku. Kidoti ana baiskeli mbili na hajui kuendesha hata moja. Anachopenda ni boksi, anaingia ndani na kujifungia, anasema yuko kazini. Mimi nami sina usafi mkubwa. Desemba ni mwezi wa vichwa, na kila mwaka nimesema mwakani.

Safari hii nafunga saluni. Mkesha wa sikukuu tutakuwa kwenye basi la yule dereva wako mwenye mwanya. Nimemwambia mume wangu tunakuja. Akanijibu nisubiri, kuna punguzo la mabegi.

Siri ya mama nimeitunza.

Wifi yako

*

Karakana, 18 Desemba

Wewe,

Mzigo umefika. Walikuja vijana wawili na gari la duka, televisheni ikagoma mlangoni. Ulisema ni pana kama mlango, nawe katika hilo hukudanganya. Ilibidi ning'oe bawaba. Wakati huo mama amekaa kwenye kiti chake anauliza kama ni wewe uliyefika, maana alisikia vishindo. Nikamwambia ni televisheni. Akauliza, "Na yeye?"

Nataka nikukamate hapo kwanza, kwenye "na yeye."

Wakamwekea mbele. Mama alilipima lile boksi kwa shibiri, huku mpaka kule. Akasema linazidi kitanda chake. Akataka kujua kama mwanawe anamwona yeye ni mtu au ni ukumbi wa sherehe. Vijana wakacheka, nami nikacheka, halafu sikucheka tena.

Gauni nimemvalisha. Unasema mama yako unamjua. Huyo uliyemnunulia gauni ni mwanamke mwenye mashavu na mabega, wa miaka mitatu iliyopita. Wa sasa aliingia humo akapotea. Vile vifungo vya dhahabu vya mgongoni viko kiunoni. Alishika kitambaa kilichozidi, akakikunja vidoleni taratibu, akaniuliza kwa utulivu, "Ni ya nani hii?"

Lako la kijani silizungumzii. Nimefunikia mashine.

Sasa nikuulize, nawe ujibu kama mtu mzima. Wakubwa walikukatalia likizo? Maana mimi nimesikia kwamba hakuna aliyekukatalia, na kwamba sikukuu hii ya watu kuuziwa vyombo ni wazo lako mwenyewe. Eti saa sita mchana watu huwa wamechokana na ndugu zao. Wewe saa sita ya kwetu uliiona lini mara ya mwisho? Sisi saa sita ndipo mama alikuwa anamaliza pindo la mwisho, lako, kwa sababu ulikuwa hutulii. Umechukua keshia, mlinzi, wafagiaji, wote wana mama zao, ukawauza kwa cheo. Halafu ukanyoosha kidole juu na kusema "wakubwa."

Usinitumie kitu kingine. Nyumba imejaa. Kiti chako tu ndicho kitupu, nacho nimekishona upya bure.

Dada yako

*

Dukani, 21 Desemba

Dada,

Nani aliyekuambia? Kama ni mke wangu, angeniambia mimi.

Ndiyo, wazo ni langu. Umefurahi? Unadhani hayo maboksi yanaokotwa? Wewe una karakana yako, ukichoka unafunga, unaketi na mama. Mimi nasimama kutwa nikitabasamu hadi taya linauma. Wiki hii nimeamua ugomvi wa wanawake wawili waliogombea birika la mwisho, kila mmoja akiapa ni la mama yake. Na nikamwelewa kila mmoja.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kulisema. Unalikumbuka lile jora kwa furaha. Mimi nakumbuka tukitoka nje, nyumba nzima kitambaa kimoja, kama pazia lililogawana miguu. Hayo ni maneno ya watoto wa jirani, si yangu. Wenyewe walikuwa na vya dukani. Nililia nyuma ya choo na kuapa kwamba siku moja mama yangu atavaa cha dukani, chenye vifungo, na nyumba yake itakuwa na kila kinachowaka. Nimetimiza. Sasa naambiwa gauni ni kubwa. Kubwa linapunguzwa, dada. Mama si fundi?

Na katika matusi yako yote hukuweka hata neno moja kuhusu picha. Mama ameipenda? Anaiona vizuri? Kama ina giza, kuna kitufe pembeni, mwambie akibonyeze.

Mke wangu anafunga mizigo. Kidoti amekataa kuacha boksi lake, wanakuja nalo kwenye basi. Nimebaki na nyumba nzima ya vitu.

Mdogo wako

*

Nyumbani, siku ya sikukuu, jioni

Mwanangu,

Anayeandika ni mke wako. Maneno ni yangu, nimemkataza kuyapamba. Dada yako ana hasira, nikimpa kalamu atachana karatasi.

Barua yako nilisomewa. Dada yako alifika mahali akataka kuruka, nikamwambia asiruke. Kwa hiyo kuhusu watoto wa jirani ndiyo najua leo. Hukuniambia. Ungeniambia ningekukatia kola ya kwako peke yako, ikawa tofauti. Ni mkato mdogo tu ule.

Uliuliza kama naiona picha. Siioni, mwanangu. Wala gauni sikuliona, wala dada yako, wala huyu anayeniandikia. Macho yangu yamefunga mwaka huu. Nilimwapisha dada yako asikuambie, nikitaka uje kwa sababu ni sikukuu. Niliona nikikuita kwa ugonjwa nitakuwa nimekuhonga. Labda nilikosea. Dada yako anasema nilikosea, anatikisa kichwa hapa, nasikia hereni zake.

Televisheni inasikika vizuri. Kuna tangazo la duka lenu, linapita asubuhi na jioni, mwanamume mwenye sauti nzuri anasema njooni nyote, sikukuu ni familia na familia ni sisi. Mara ya kwanza nilidhani ni wewe. Nikamjibu.

Kidoti nimempima. Aliingia na boksi lake, akakataa kutoka, akasema yuko kazini. Nikamwambia vizuri, kazi njema, mimi nitangoja nje mpaka ufunge. Nikangoja. Alichungulia mara nyingi, mama yake anasema. Mwisho akatoka mwenyewe. Ni shibiri nne na vidole vitatu kutoka kisogo hadi kisigino, na bega lake la kushoto limeshuka kidogo kama lako. Hilo hakuna aliyekuwa ameliona. Alicheka nilipofika kwapani. Gauni lake ameshalivaa, ameshalimwagia mchuzi, limekuwa lake.

Tulikula tukiwa wanne. Saa sita mchana ilipofika, dada yako alitangaza kwa sauti kwamba sasa ni wakati wa kuchokana, na mke wako akacheka hadi akalia. Mimi nikawa najiuliza ni nani amekuja dukani kwako saa hiyo, na mama yake amemwacha na nani.

Kitambaa chako kipo. Nimekikunja, kiko chini ya mto wangu. Dada yako alinishauri nikate tu, kwamba wanaume wote wazima wanafanana. Sikati kwa kukisia. Mikono yangu bado inaona. Njoo kabla haijafuata macho.

Mama yako

*

Kituo cha mabasi, siku ya tatu baada ya sikukuu

Mama,

Barua yako niliisomea stoo, katikati ya mabirika yaliyorudishwa. Ukitaka kujua mtu kama mimi alifanya nini baada ya hapo, sitakuficha. Nilipanda ghorofa ya tatu, kwenye miwani.

Nilikuwa nimeshachagua fremu. Nzuri, nyepesi. Binti wa pale akaniuliza ni ya nani, nikasema ni ya mama yangu. Akauliza uso wake ni mpana au mwembamba. Nikainua mikono yote miwili nimwonyeshe. Ikabaki hewani, mama. Nilianza na uso wa zamani, nikakumbuka gauni, nikapunguza upana, nikaona naupunguza kwa kukisia. Binti akangoja. Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna. Nikamrudishia fremu yake. Hapo hata sikuwa nimejiuliza miwani ingekusaidia nini.

Nilikwenda kwa wakubwa nikawaambia lile wazo langu lilikuwa baya, wawarudishie watu sikukuu yao. Wakanipa kiti na soda. Wakasema limeuza kuliko mwaka wowote, na mwakani watafungua tangu alfajiri, matawi yote. Umeneja wamenipa papo hapo. Nimewaomba likizo badala yake, wakadhani natania. Keshia wa ghorofa yangu hakunisemesha nilipomwachia funguo. Ana haki. Mama yake anaishi mtaa wa pili kutoka dukani, na siku ya sikukuu alimletea chakula akala amesimama, huku mimi nikimwambia aharakishe.

Hilo sitaweza kulirudisha kaunta.

Barua hii siipi dereva. Nimekaa nayo hapa kwenye benchi, basi linajaza mafuta. Najua huwezi kuisoma, kwa hiyo nitakusomea mwenyewe, na dada akitaka niruke mahali, sitaruka. Mwambie maneno yake ayaweke akiba mpaka umalize kunipima. Sijabeba kitu. Mtu wa tiketi ameniuliza mara mbili mizigo yangu iko wapi.

Nimenenepa, Mama. Kiasi gani sijui. Usikate kwanza.

Mwanao